Nyota ya Bula Matari njiani kwenda Mahenge

Asubuhi pale stendi ya Msamvu, mwendo mfupi kutoka Kihonda, wapiga debe huita "Mahenge!" kana kwamba ni mtaa wa pili. Basi hushika njia ya Mikumi, likapita Kidatu na Ifakara, kisha likavuka Mto Kilombero darajani. Kila nikilisikia jina hilo huwakumbuka watu walioifuata Mahenge kwa miguu mwaka 1917, wakitokea Kongo, chini ya bendera ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu.

Walikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Ubelgiji, dola ambayo Wakongo waliipa jina la utani la mpelelezi Stanley: Bula Matari, mvunja mawe. Sisi wa Morogoro tumezoea kuisimulia Vita ya Kwanza ya Dunia kama ugomvi wa Mjerumani na Mwingereza. Mwingereza aliingia mjini kwetu Agosti 26, 1916, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma kusini, basi hadithi imekwisha. Kumbe mwaka huohuo Jenerali Charles Tombeur wa Ubelgiji alikuwa akisukuma kutoka magharibi kwa brigedi mbili, moja ya Molitor, nyingine ya Olsen, mzaliwa wa Denmark. Kigali ilianguka Mei, Kigoma Julai, Tabora Septemba 19.

Mwanzoni mwa 1917 Wabelgiji waliikabidhi Tabora kwa Waingereza wakaanza kurudi kwao. Lakini Februari afisa wa Kijerumani, Wintgens, alichomoka na kikosi chake kuelekea kaskazini, na Waingereza wakawaomba wenzao msaada. Safari hii kamanda alikuwa Kanali Armand Huyghé. Mei, Wintgens akiwa mgonjwa, alijisalimisha kwa Wabelgiji. Ndipo batalioni za Kongo zilipopelekwa kwa reli ya kati hadi Dodoma na Kilosa, zikaanza safari ya kusini kuelekea Mahenge.

Mahenge ilikuwa ghala la Wajerumani. Bonde la Kilombero lilikuwa na mpunga, na jeshi lisilo na meli wala reli huishi kwa chakula cha wakulima, wakitaka wasitake. Wabelgiji waliingia Mahenge Oktoba 9, 1917. Kapteni Tafel na Wajerumani wake walikuwa wamekwenda kusini, wakasalimu amri Novemba 28.

Batalioni hizo za Kongo zilihesabiwa kwa namba za Kirumi tu. Kabla ya vita askari wake walivaa buluu na tarabushi nyekundu. Vitani kaki ikachukua nafasi. Wengi waliotoka mashariki ya Kongo walizungumza Kiswahili, na hilo ndilo linalonigusa zaidi: mtu wa Maniema angeweza kumwomba maji mama wa Kilosa, naye akamwelewa, ingawa mmoja alikuja na bunduki ya mfalme wa Brussels na mwingine alikuwa ameporwa mavuno na jeshi la Kaiser.

Alama iliyodumu kuliko nguo zote ni jina. Tombeur alipewa heshima ya kuitwa Tombeur wa Tabora. Huyghé akawa Huyghé wa Mahenge. Miji yetu ikashonwa kwenye majina ya familia za Ubelgiji kama nishani kifuani.

Wapagazi hawakushonewa chochote. Wale wa upande wa Wabelgiji pekee hukadiriwa kufika 260,000 katika vita nzima, na bila wao hakuna risasi wala gunia la unga ambalo lingefika popote. Walibeba kichwani, katika mvua na matope, wakaugua homa na kuhara, wengi wakazikwa kando ya njia pasipo kibao. Hawakuwa na namba ya Kirumi, tarabushi wala nyota. Wako waliochukuliwa vijijini kwao wakiwa na jembe mkononi, wakatembea hadi nchi ambayo hawakuwahi kuisikia. Katika hao hakuna hata mmoja aliyeitwa wa Mahenge.