Pumu, Mwinuko wa Nchi na Dawa za Asili

Mkazi wa Ndundu, kando ya Mto Rufiji, huvuta hewa ya nchi ya chini, nzito na yenye unyevu. Apandapo kwenda Mbeya, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukutana na hewa ya namna nyingine. Kwa mgonjwa wa pumu, tofauti hiyo ina manufaa na ina hatari.

Mwinuko hufanya nini?
Kadiri nchi inavyoinuka, kanieneo ya hewa hupungua. Fungu la oksijeni hubaki lilelile, asilimia 21, lakini hewa huwa nyepesi. Mbeya hupungua kwa karibu moja ya tano kulinganisha na pwani. Mapafu hufanya kazi zaidi, na baridi kavu ya alfajiri huweza kubana njia za hewa. Hata hivyo, wadudu wa vumbi la nyumbani na kuvu, wanaostawi katika unyevu wa delta, hupungua penye baridi na ukavu. Ndiyo maana wengine hupata nafuu huko. Nafuu hiyo si kupona. Mgonjwa arudipo nyumbani, dalili huweza kurejea.

Dawa za asili
Tangawizi na asali hulainisha koo, lakini hazitoshi kufungua njia za hewa zilizobana. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi huweza kuunguza ngozi au kuamsha shambulio. Moshi wa ubani, udi au mvuje uepukwe kabisa.

Kabla ya kununua
Hakikisha dawa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na lebo inaonyesha mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiamini chupa inayoahidi kuponya pumu moja kwa moja. Baadhi ya dawa ziitwazo za mitishamba zimewahi kukutwa duniani zimechanganywa kwa siri na steroidi: nafuu huja upesi, madhara hufuata baadaye.

Safarini
Onana na tabibu kabla ya kuondoka. Dawa ya kuvuta ikae mkobani mwako, si katika mizigo ya chini ya basi. Usiache dawa ya kila siku kwa kuwa umepata nafuu.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au dawa ya kuvuta isipomsaidia, asisubiri dawa ya kuchemsha. Afikishwe kituo cha afya mara moja.