Habari za Mto Zifike Shambani

Ukisimama Awendo baada ya mvua kubwa ya masika, utauona Mto Sare ukipita na maji mekundu. Wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu ya miwa na mahindi, pamoja na mbolea tuliyoinunua kwa fedha nyingi. Maji hayo huteremka hata Mto Kuja, nao huyamwaga katika Ziwa Victoria upande wa Nyatike. Huko, mbolea iliyotutoka hulisha gugumaji, mmea wa kigeni uliolivamia ziwa katika miaka ya 1990 na kuwafungia wavuvi njia ya mashua.

Mkulima hamwoni mvuvi, wala mvuvi hamjui mkulima. Ni nani basi atakayewajulisha? Hiyo ndiyo kazi ya magazeti na redio.

Nguvu ya kazi hiyo ilionekana Nairobi mwaka 1989. Profesa Wangari Maathai alipopinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, magazeti yalieneza habari hizo, wananchi wakaandika barua, na mwishowe jumba halikujengwa. Lakini hayo yalikuwa mambo ya mjini, penye wasomaji wengi wa Kiingereza. Huku kwetu sivyo. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto, katika nafasi ya mita 6 hadi 30. Je, ni wangapi kati yetu waliozisikia kwa lugha ya nyumbani kabla ya kushika jembe?

Kwa hivyo vituo visemavyo Kijaluo, kama Ramogi FM, vina kazi kubwa. Haitoshi kutangaza, "Tunzeni mazingira." Yafaa mkulima aambiwe la kufanya: aache nyasi ukingoni mwa mto, alime kwa kukinga mteremko, na majani ya miwa asiyachome bali ayatandaze yafunike udongo. Tena mvuvi wa Karungu na mkulima wa Awendo wakutanishwe katika kipindi kimoja, waulizane.

Nasi tusikae kimya. Katiba ya mwaka 2010 yatupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na haki ya kupata habari katika kifungu cha 35. Tuulize, tuandike, tujibiwe. Habari isiyomfikia mwenye shamba ni kama mvua inyeshayo ziwani: ni maji mengi, lakini hayaoteshi kitu.