Gari lisilowaka kutoka Mombasa hadi Makindye: Hesabu iko kwenye kupakia, si kwenye kilomita

KAMPALA

Gari lisilowaka huuzwa kwa bei nafuu, na mafundi wa Katwe, katika tarafa ya Makindye, wanaweza kulirudisha barabarani. Hata hivyo, kati ya bandari ya Mombasa na gereji hiyo kuna takriban kilomita 1,170 na mpaka mmoja. Wafanyabiashara wengi huuliza bei ya kilomita hizo tu, kisha hushangaa faida ilipotelea.

Gari zima hushuka melini kwa kuendeshwa. Gari bovu husukumwa, huvutwa kwa winchi au hunyanyuliwa kwa foklifti kila linapobadilisha mahali: kutoka melini, kupanda trela Mombasa, kushuka kwenye ghala la forodha Kampala, kupanda lori la kuvuta magari, na hatimaye kushuka gereji. Hizo ni hatua tano, na kila moja ina malipo yake, muda wake na uwezekano wake wa kuharibu kitu. Likipitia kwanza bandari kavu ya binafsi mjini Mombasa, hatua huongezeka.

Maswali matatu kabla ya kupatana bei

Kwa msafirishaji, neno "bovu" halitoshi. Anahitaji kujua mambo matatu: Je, magurudumu yanazunguka? Je, usukani unageuka? Je, breki zinashika?

Gari ambalo betri au pampu ya mafuta imekufa, lakini majibu yote matatu ni ndiyo, huvutwa kwa winchi hadi juu ya trela kwa dakika chache. Gari ambalo usukani umejifunga kwa kukosa ufunguo, au gurudumu limekwama kwa ajali, linahitaji foklifti. Foklifti hunyanyua kwa kuingiza vyuma chini ya gari, na isipowekwa sawasawa hupinda bomba la moshi au hupasua sampu ya oili. Fundi atakayelipokea atalipwa kwa tatizo ambalo halikuwapo siku gari liliponunuliwa.

Ni vyema basi majibu hayo yaandikwe katika makubaliano, pamoja na picha za gari pande zote na ufunguo ukabidhiwe. Dereva akikuta gari haliko kama alivyoelezwa, ana haki ya kukataa kulipakia au kudai nyongeza. Wakati huo gharama za kuhifadhi gari bandarini zinaendelea kuhesabiwa.

Kwa nini lisikokotwe

Wapo wanaofikiria kulifunga gari nyuma ya lori na kulikokota. Kwa safari ndefu, hiyo ni njia ya kununua giaboksi nyingine.

Katika magari mengi ya gia za automatiki, pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha gari yakizunguka barabarani, vyuma vya ndani husagana bila oili ya kutosha. Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne hupata madhara ya aina hiyo hata yakiinuliwa upande mmoja tu. Magari ya haibridi nayo yana mota iliyounganishwa na magurudumu, hivyo hayafai kukokotwa yakigusa lami. Yote hayo hubebwa magurudumu manne yakiwa juu ya trela.

Aidha, injini isipowaka, nguvu inayosaidia breki na usukani haipo. Barabara ya kutoka Mombasa hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari katika eneo la Timboroa, na kabla ya hapo hupita Salgaa, sehemu inayojulikana kwa ajali za malori. Huko si mahali pa kamba.

Trela, kontena au treni

Njia iliyozoeleka ni trela la kubebea magari. Kinachouzwa hapo ni nafasi, si uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2013 inaruhusu hadi tani 56 kwa lori na mzigo wake, wakati gari dogo lina tani moja na nusu hivi. Trela la magari hujaa nafasi muda mrefu kabla ya kukaribia kikomo cha mizani ya Mariakani au Webuye.

Chukua mfano wa hesabu, si bei ya soko: trela la magari 6 linatoza dola 3,000 kwa safari, yaani dola 500 kila nafasi. Gari moja lisilowaka likilichelewesha trela siku moja kusubiri foklifti, na siku hiyo ikawa na thamani ya dola 200 kwa mwenye trela, wenye magari mengine matano hawatakubali kuilipa. Nafasi ya gari bovu inakuwa dola 700. Mwenye gari aliyelipia winchi mapema kwa dola 50 ameokoa dola 150.

Mahali gari linapowekwa pia ni muhimu. Gari bovu likipakiwa mbele au juu, magari mengine hushushwa na kupandishwa upya kila linapohitaji kutolewa. Nafasi inayofaa ni ya chini, nyuma kabisa, iwapo ndilo litakaloshuka kwanza. Mikanda ikazwe upya baada ya kilomita chache za mwanzo na katika kila kituo, na magurudumu yawekewe kabari bila kutegemea handibreki.

Kontena lina faida ya kufungwa kwa lakiri, hivyo taa, vioo na redio haviibiwi kirahisi. Kontena la futi 20 lina urefu wa karibu mita 5.9 ndani, unaotosha gari dogo moja. La futi 40 huchukua mawili. Tatizo ni kutoa gari. Likiwa juu ya trela, sakafu ya kontena iko zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na gereji nyingi za Makindye hazina kreni. Kontena hufunguliwa kwenye ghala, kisha safari ya lori la kuvuta huanza.

Kontena linaweza pia kwenda kwa treni ya reli ya kisasa, ambayo ilifikishwa Naivasha mwaka 2019. Kutoka hapo huhamishiwa njia nyingine hadi Malaba na Kampala. Ni hatua nyingine ya kunyanyua, ingawa kinachonyanyuliwa ni kontena, si gari lenyewe.

Forodha haiulizi kama linawaka

Tangu mwaka 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda hutangazwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) ukiwa bado Mombasa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa magari ya abiria ni asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda ni asilimia 18, mbali na tozo nyingine. Hesabu huanza na thamani ya gari pamoja na nauli na bima. Anayedai thamani ndogo kwa sababu ya ubovu anatakiwa kuwa na ushahidi: ankara, uthibitisho wa malipo na ripoti ya ukaguzi.

Umri nao hausamehewi kwa ubovu. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina zilizosamehewa. Asiyehakiki mwaka wa kutengenezwa kabla ya kununua anaweza kulipia nauli ya gari ambalo halitasajiliwa.

Vipuri au injini ya ziada iliyowekwa ndani ya gari itangazwe. Si mzigo wa bure. Namba ya chasisi isomeke na ilingane na nyaraka. Iwapo trela litaharibika njiani, gari lisihamishiwe lori jingine kabla ya kuwaarifu watu wa forodha, kwa kuwa dhamana ya mzigo ingali wazi.

Kuhusu bima, Kadi ya Njano ya COMESA iliyo kwenye lori hushughulikia madhara kwa watu na mali za wengine. Hailipi gari lililobebwa. Mwenye gari anahitaji bima ya mzigo, na hali ya gari itajwe kama ilivyo.

Kilomita za mwisho

Makindye ni kilima, na njia nyingi zinazoingia ndani kutoka barabara za Entebbe, Salaama na Ggaba ni nyembamba. Trela refu halifiki kwenye lango la gereji. Bei ya "hadi Kampala" kwa kawaida huishia ghalani, hivyo lori la kuvuta magari lipangwe na kulipiwa mapema, si siku ambayo gari limeshaziba njia.

Mfanyabiashara mwenye busara hulinganisha mambo mawili kabla ya kusaini. Ubovu ukiwa betri, pampu au waya, kumlipa fundi Mombasa ili gari lipande lenyewe kunaweza kuwa nafuu kuliko kulinyanyua kila hatua iliyobaki. Ubovu ukiwa injini au giaboksi, kulibeba hadi Katwe kuna maana, mradi kila hatua ya kulinyanyua imewekwa kwenye hesabu. Kama faida imekwisha kabla ya hatua ya tano, gari hilo halikuwa nafuu.