Picha Makupa: Idhini kwanza

Mgeni anayeshuka kwenye matatu Makupa, awe ametoka Ulaya au bara, huenda akadhani kwamba aliye barabarani hana faragha. Sivyo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu, na kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Picha za kumbukumbu za nyumbani hazina taabu. Matata huanza zinapotangazwa. Septemba 2023, kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Kwa mama wa buibui anayeuza mahamri, salamu hutangulia, kisha ombi. Akikataa, kamera hurudishwa mkobani.