Ukinyamaza, Watakuamulia

Jioni moja hapa Jane and Finch, jirani yangu, mama wa Kitanga, alinigongea mlango na barua mkononi. "Kaka, wewe si msomi? Nisomee hii."

Mwanawe ana miaka minane na herufi zinamchanganya. Kamati ilikuwa imekaa, mama akiwa kazini, ikaamua ahamishiwe darasa maalumu. Kalamu ya kutia sahihi anayo tayari. Kwetu mwalimu akisema, mzazi anaitikia.

Mimi ni mhandisi, sheria si fani yangu, lakini hii nimeisoma kama ninavyosoma mchoro wa jengo. Iko hivi.

Hapa Ontario, sheria ya mwaka 1980 iitwayo Bill 82 ilizibebesha shule za serikali jukumu la kutoa elimu maalumu kwa kila mtoto anayeihitaji. Hata mzazi asiye na karatasi za uhamiaji, mwanawe hafukuzwi shule kwa sababu hiyo.

Kwanza, andika barua. Kamati inayotambua mahitaji ya mtoto na kumpangia darasa inaitwa IPRC. Ukiiomba kwa maandishi, mkuu wa shule hawezi kukataa. Ana siku 15 za kukujibu. Maneno ya mdomo hayana tarehe.

Pili, nenda kikaoni, na unaruhusiwa kwenda na mtu wa kukusemea. Kabla ya darasa maalumu, kamati lazima ifikirie kama darasa la kawaida lenye msaada litamfaa mtoto.

Tatu, kama hukubali, una siku 15 za kuomba kikao cha pili, au siku 30 za kukata rufaa. Ukikaa kimya, wanaweza kumhamisha hata bila sahihi yako. Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia, maana tunadhani kutosaini ndiyo kukataa. Siyo!

Tulihesabu: zilibaki siku nne. Tukaandika usiku uleule, na kikao cha pili nikaenda naye. Mtoto kabaki darasani kwake, na mwalimu wa kusoma anamsaidia. Bado anasota, lakini anasonga.

Jamani, darasa maalumu si baya; wapo watoto linaowafaa. Ubaya ni kuamuliwa bila kuulizwa. Sisi tunaozielewa barua hizi, tuwafungulie jirani zetu milango.