Mvua Inyeshayo Shengena

Anayeshuka basi Same mchana wa jua kali, vumbi likimfuata hadi kwenye muuza miwa, atacheka akiambiwa ajihadhari na mafuriko. Mji huu uko kwenye kivuli cha mvua. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga Milima ya Pare, hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga maji yake upande wa mashariki na vileleni. Zikivuka kuja Same, hazina kitu. Wakati huohuo kilele cha Shengena, mita 2,462, kinaweza kuwa kimefunikwa na wingu zito juu ya msitu wa Chome.

Kwa hiyo anayepanga kutembea kando ya mto huku, tuseme Yongoma unaoshuka hadi kwenye mpunga wa Ndungu, asipime usalama kwa anga la alipo. Aulizie kule mto unakoanzia.

Korongo lina ubaya wake. Maji yaliyokuwa yametandaa yakibanwa kati ya kuta mbili za mwamba, hayana njia ila kupanda kimo na kuongeza mwendo. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Maji ya magotini, yakienda kasi, humwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua watu 7.

Mimi ningeanza kwa wazee wa ndiva, yale mabwawa ambamo Wapare hukusanya maji ya usiku ili wamwagilie mchana. Shikamoo moja na maswali mawili kuhusu mvua ya jana huko juu yanaweza kukufaa kuliko utabiri wa simu unaokusomea hali ya mjini. Masika, Machi hadi Mei, ahirisha safari. Vuli nayo si ya kuchezea: Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, Mamba Miamba, ukaua zaidi ya watu 20. Miezi mingine ondoka alfajiri, maana mawingu ya milimani hukomaa alasiri. Na usioge kwenye vidimbwi vilivyotulia. Ndiko wanakokaa konokono wa kichocho.

Mkiwa ndani ya korongo, tazameni rangi ya maji. Yakigeuka tope ghafla, au yakianza kuleta majani na vijiti, msisubiri kusikia ngurumo. Wala msikimbie kufuata mto, utawashinda mbio. Pandeni pembeni, na begi likikuzuia, liache.