Ziwa Lililorudi Nyumbani: Kwa Baisikeli Kandokando ya Filsø

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Methali hii tumeizoea tangu utotoni, tukaitumia katika mabaraza yetu kuonyana na kufunzana. Lakini mimi nakiri, msomaji, kwamba sikuiona kwa macho yangu hasa mpaka Juni 2025, nilipokuwa magharibi ya nchi ya Denmark, nimepanda baisikeli, nikizunguka ziwa ambalo kwa miaka mingi halikuwa ziwa bali shamba la nafaka.

Ziwa hilo jina lake Filsø, nalo liko kilomita chache tu kutoka Bahari ya Kaskazini, karibu na kijiji cha Henne. Aliyenipeleka ni mpwa wangu, ambaye amefanya kazi katika nchi hiyo muda mrefu na sasa amezoea baridi yake kama sisi tulivyozoea kaskazi. Asubuhi alinitolea baisikeli mbili nje ya nyumba, akanambia, "Mjomba, leo hatwendi kwa gari. Ziwa hili ukilipita kwa gari, hukuliona."

Baisikeli zenyewe zilinishangaza. Usukani wake umepinda kwa chini mithili ya pembe za kondoo, kama zile za mashindano, lakini tairi zake ni nene, upana wake yapata milimita 40, na zina meno ya kung'ata mchanga. Ina gia nyepesi za kupandia vilima na nafasi ya kutosha matope yasinase kwenye magurudumu. Ni chombo kilichoundwa kwa barabara za changarawe, zile ambazo kwetu Kenya twaziita barabara za maram. Huko Ulaya na Marekani watu wenye barabara nzuri za lami wanaziacha kwa hiari yao wakatafuta vumbi, na kwao hiyo ni starehe! Kwetu, aghalabu, vumbi ndilo linalotutafuta sisi.

Hata hivyo, mchezo huu si wa kudharauliwa. Mwaka 2022 ulifanyiwa mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, huko Veneto, Italia. Na Kenya haiko nje ya habari hii. Tangu 2021 pamekuwa na mashindano ya siku kadhaa katika eneo la Maasai Mara, katika njia za changarawe na mifugo. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sule, nahodha wa timu ya Amani, alikuwa miongoni mwa waliowafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango huu. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni huko Vermont, Marekani, katika barabara za aina hiyo hiyo. Mola amrehemu.

Basi tukaondoka. Upande wa bahari kuna matuta ya mchanga, na moja kati yao, Blåbjerg, lina kimo cha mita 64. Zamani mchanga huo ulikuwa ukipeperushwa na upepo wa magharibi ukifukia mashamba, ndipo watu wakapanda misonobari ili kuuzuia. Leo misitu hiyo ina njia za changarawe zinazopinda na kupanda na kushuka, na harufu ya utomvu wake humpa mtu nguvu ya kukanyaga. Lakini tulipotoka msituni na kuelekea ziwani, njia ilibadilika. Ilinyooka kama uzi wa fundi mwashi, bila kona wala kilima, na maji yakawa kulia na kushoto.

Nilimwuliza mpwa wangu, nani aliyejenga barabara iliyonyooka hivi katikati ya ziwa? Akacheka, akasema, "Haikujengwa ziwani, Mjomba. Hii ni barabara ya matrekta. Ziwa ndilo lililoifuata."

Na hapo ndipo kisa kinapoanza. Zamani Filsø lilikuwa mojawapo ya maziwa makubwa kabisa ya Denmark. Mwaka 1852 watu walianza kazi ya kuyatoa maji yake kwa mifereji ili wapate ardhi ya malisho na kilimo. Tusiwahukumu kwa haraka. Sehemu hiyo ya nchi ilikuwa ya mchanga na vichaka, maskini wa mazao, na mtu aliyepata ekari moja ya udongo mweusi alijiona amepata hazina. Kisha mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikanyang'anywa majimbo yake ya kusini. Wakaazi wake wakaazimia kwamba hasara ya nje wataifidia ndani, kwa kulima nyika na kukausha vinamasi. Katika miaka ya 1940 kazi ya Filsø ikatiwa nguvu kwa mitambo ya kuvuta maji, hata ziwa likawa karibu halipo tena, na mahali pa samaki pakaota nafaka. Kwa kizazi hicho lilikuwa jambo la fahari. Mtu alimwonyesha mwanawe shamba akamwambia, hapa babu yako alikuwa akipitisha mashua.

Lakini maji hayana usahaulifu. Kila mwaka yalitaka kurudi, na kila mwaka ilibidi mitambo iyafukuze. Udongo mweusi wa kinamasi, ambao ni majani na matete yaliyolala majini karne nyingi, ukikaushwa huingiwa na hewa, ukaoza, ukadidimia, na hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake ikapanda angani. Shamba linashuka, maji yanapanda, na gharama ya kuyavuta inaongezeka.

Mwaka 2010 mfuko wa hifadhi uitwao Aage V. Jensen Naturfond uliinunua ardhi ya Filsø, zaidi ya hekta 2,000. Mwaka 2012 maji yakaachiliwa. Leo ziwa lina ukubwa wa hekta 915, yaani zaidi ya ekari 2,200, na linahesabiwa la sita kwa ukubwa katika Denmark. Halikurudi lote kama lilivyokuwa, lakini limerudi.

Tulikwenda polepole, maana upepo wa magharibi ulitupiga ubavuni na changarawe haina haraka. Hapo ndipo nilipofahamu maneno ya mpwa wangu. Mwendo wa baisikeli ni mwendo wa kuona. Mabata walielea bila hofu, kwani sheria ya nchi hiyo humruhusu mpanda baisikeli kupita katika barabara na njia, si kuingia kichakani atakapo. Tulimwona tai mkubwa mwenye mkia mweupe akizunguka juu ya maji kwa mabawa mapana kama milango. Ndege huyu aliwindwa hata akatoweka Denmark mwanzoni mwa karne ya 20, akarudi kuzaa katika miaka ya 1990, na sasa kuna jozi zaidi ya 100 nchini humo. Nikaambiwa kwamba ningekuja majira ya baridi yanapokaribia ningewakuta pia mabata bukini wenye miguu ya waridi, waliotoka kuzaa katika visiwa vya Svalbard kaskazini ya mbali.

Sasa msomaji ataniuliza, je, wakulima wamefurahi? Si wote, nao wana haki ya kusikilizwa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Denmark inalimwa, na familia nyingi zimetoa jasho lao katika mashamba ya namna hii. Kumwambia mtu kwamba kazi aliyosifiwa babu yake ni kosa si maneno mepesi. Lakini upande wa pili kuna wavuvi na watu wa pwani. Mbolea inayozidi mashambani huteremka kwa mito mpaka kwenye hori za bahari, ikastawisha mimea ya majini kupita kiasi, nayo ikioza humaliza hewa, samaki wakafa. Aprili 2024, katika mji wa Vejle, mashariki ya nchi, watu walikusanyika wakalifanyia mazishi hori lao. Mtu wa Lamu au Vanga atafahamu uzito wa jambo hilo bila kufafanuliwa. Mwaka huo huo serikali, wakulima na watu wa hifadhi walifikia mapatano makubwa: hekta 140,000 za mashamba ya udongo wa kinamasi zitolewe katika kilimo, na hekta 250,000 zipandwe misitu. Filsø basi si kichekesho cha matajiri wapenda ndege. Ni mfano mdogo wa jambo ambalo taifa zima limejifunga kulifanya.

Wala tusidanganyike kwamba kurudisha maji ni kufungua lango tu. Ardhi iliyotiwa mbolea miaka mingi, ikifurikwa, huiachia mbolea hiyo majini. Ziwa jipya huanza maisha yake likiwa na deni la shamba la zamani, na deni hilo hulipwa kwa miaka, si kwa siku. Kuharibu ni kazi ya msimu, kutengeneza ni kazi ya umri.

Nimewawekea jambo moja la mwisho, ambalo lilinigusa mimi kama mtunzi kuliko mengine yote. Katika sehemu chepechepe za Denmark, hasa mashariki yake, hufika mwishoni mwa Mei ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, asiyevutia macho. Huyu hupitisha miezi ya baridi katika Afrika, na katika safari yake hupita Kenya. Ni fundi wa kuiga sauti. Mwaka 1979 mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha utafiti alioufanya Ubelgiji, akaonyesha kwamba kila dume huiga kwa wastani sauti za ndege wa aina 76, na walio wengi kati ya hao ni wa Afrika. Kwa jumla alitambua aina 113 za Afrika na 99 za Ulaya. Ndege huyu hujifunza katika mwaka wake wa kwanza, njiani na ugenini, kisha akarudi Ulaya akaimba katika magugu ya kando ya maji nyimbo za vichaka vyetu. Mzungu apitaye na baisikeli husikia Afrika bila kujua. Ikikaushwa ile ardhi chepechepe ya kwao, hata wimbo wetu utakosa pa kuimbwa.

Tuliporejea ilikuwa yapata saa tatu za usiku kwa saa zetu, na jua lilikuwa bado juu ya matuta. Katika Juni jua la huko huzama baada ya saa nne usiku, na giza kamili haliji kabisa. Tulizilaza baisikeli majanini tukangoja Maghribi, tukiyatazama maji yanavyogeuka rangi ya shaba. Miguu iliniuma, kwani mwili wa miaka hamsini na kitu hausahau, lakini moyo ulikuwa umetulia.

Hapo nikaikumbuka delta ya Mto Tana. Mwaka huo huo wa 2012, Filsø lilipofunguliwa maji, delta yetu iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo chepechepe yenye umuhimu kwa dunia nzima, hekta 163,600. Wao wanalipa fedha nyingi kurudisha hekta 915 walizozipoteza. Sisi bado tunayo yetu, na mikoko yake, na mafuriko yake yanayolisha mpunga na malisho. Mwenye kujifunza kwa hasara ya mwenzake amefaidi mara mbili. Nami nikaufunga mwendo wangu kwa ubeti huu:

Maji yaliyohamishwa, yana njia ya kurudi,
Ziwa lililokaushwa, limejaa kwa juhudi,
Na ndege waliotishwa, warudi kama ahadi,
Kilicho hai tutunze, kabla hakijatutoka.